Kipokezi Kimo Ndani ya Seli, Kingamwili Imebaki Nje

Barua za mara hii karibu zote zinagusa jambo moja: kipokezi (protini ya seli inayopokea ishara) ambacho msomaji ana hakika kipo, lakini mashine ya flosaitometria haikioni, au inakiona kila mahali, hata pasipostahili. Kwa wanaoanza: mashine hii hupitisha seli mojamoja mbele ya miali ya leza na kupima mng'ao wa rangi zilizobebwa na kingamwili. Kingamwili, protini inayoshika shabaha yake mahususi, ni molekuli kubwa, kama kilodaltoni 150, na haipenyi utando wa seli hai. Ili kukifikia kipokezi cha ndani, seli hukazwa kwanza, yaani protini hufungwa mahali zilipo kwa formaldehaidi, kisha hutobolewa, yaani utando hufunguliwa vitundu. Shida nyingi za barua hizi zimeanzia kwenye swali ambalo halikuulizwa kabla ya kununua kingamwili: inashika sehemu gani ya kipokezi, na sehemu hiyo iko upande gani wa utando?

SWALI: Wataalamu, shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, Morogoro. Natafuta kipokezi cha CTLA-4 kwenye seli T (aina ya seli za kinga) za damu ya binadamu. Nilipopaka nje sikuona kitu. Nikakaza kwa formaldehaidi, nikatoboa kwa saponini dakika 15, nikaosha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti), nikaweka kingamwili ndani ya PBS yenye albumini. Bado sioni kitu. Je, kingamwili imeharibika?

JIBU: Marahaba. Huenda kingamwili yako ni nzima kabisa. Tatizo ni zile osha mbili za PBS. Saponini hushikana na kolesteroli ya utando na kuacha vitundu, lakini vitundu hivyo hujifunga saponini ikiondolewa. Ulipoosha kwa PBS tupu ulifunga mlango, ndipo ukaleta mgeni. Saponini lazima iwemo katika bafa ya kingamwili na katika osha zinazofuata. Ni osha ya mwisho tu, kabla ya kwenda kwenye mashine, ndiyo isiyo na saponini, na hapo kujifunga kwa utando kunakusaidia, kwa sababu kingamwili iliyoingia hubaki ndani.

Bafa ya kutobolea si ya anasa. Kwa mililita 500 za PBS weka gramu 0.5 za saponini (asilimia 0.1) na gramu 2.5 za albumini ya ng'ombe (asilimia 0.5). Chuja, weka kwenye friji, na usiitumie ikianza kuwa na ukungu, kwani saponini ni zao la mimea na bakteria huipenda. Ukipenda ikae zaidi, ongeza gramu 0.25 za sodiamu azaidi, ukikumbuka kwamba ni sumu.

Sasa utaratibu wenyewe, kwa seli milioni 1. Osha kwa PBS isiyo na protini, kisha weka rangi ya kutambua seli zilizokufa, ile inayoshikana na amini za protini. Albumini, Trisi na azaidi zisiwepo hapo, maana zitaimaliza rangi kabla haijafika kwenye seli. Baada ya dakika 15 hadi 30 gizani, osha kwa PBS yenye albumini. Ziba vipokezi vya Fc (vinavyoshika mkia wa kingamwili yoyote) kwa dakika 10, paka kingamwili za nje kwa dakika 20 hadi 30 kwenye nyuzi 4, osha. Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka: tikisa mashapo mpaka yalegee kabisa kabla ya kuweka formaldehaidi. Ukiimwaga juu ya mashapo yaliyoshikamana, utakuwa umekaza bonge, na bonge hilo halitaachana tena. Seli zikiwa katika mikrolita 100, ongeza mikrolita 100 za formaldehaidi ya asilimia 4 ili upate asilimia 2, uache dakika 20 kwenye joto la chumba. Osha mara mbili. Loweka katika bafa ya saponini dakika 10, weka kingamwili ya CTLA-4 ndani ya mikrolita 100 za bafa hiyohiyo kwa dakika 30 hadi 45 kwenye joto la chumba, osha mara mbili kwa bafa ya saponini, malizia kwa PBS yenye albumini. Soma siku hiyohiyo.

Kuna jambo la pili, nalo ni tabia ya CTLA-4 yenyewe. Seli T iliyopumzika ina kidogo sana, isipokuwa seli T dhibiti ambazo huwa nayo wakati wote. Hata kwenye seli iliyoamshwa, sehemu kubwa ya kipokezi hiki huishi ndani ya vifuko. Mkia wake hushikwa na protini ya AP-2 na kurudishwa ndani kwa njia ya klathrini mara tu kinapotokeza nje. Kwa hiyo kukosa kuiona nje kulitarajiwa. Amsha seli kwa kingamwili za CD3 na CD28 (protini za juu ya seli T) kwa saa 48 hadi 72 ili upate kidhibiti chanya, na seli za mtu huyohuyo zisizoamshwa ziwe jirani yake wa kulinganisha. Ukitaka kunasa ile inayopanda na kushuka, weka kingamwili yenye rangi moja kwa moja kwenye seli hai, nyuzi 37, saa 1 hadi 2: kila molekuli inayotokeza nje itakamatwa na kuingia ndani ikiwa na rangi yake.

Tahadhari kwa alama zako za nje: seli zilizoamshwa kwa kingamwili ya CD3 huwa zimeimeza CD3 yao, na PMA, kemikali ya kuamsha seli, hushusha CD4. Ukiona seli T "zimepotea", jaribu kupaka CD3 au CD4 baada ya kutoboa.

SWALI: Kwangu ni kinyume. Nikishatoboa, kila kitu kinang'aa, hata kidhibiti cha aisotaipu (kingamwili ya aina ileile isiyo na shabaha kwenye seli). Histogramu yote inahamia kulia. Nitajuaje kipi ni kipokezi na kipi ni uchafu? Msomaji, Nairobi.

JIBU: Ndani ya seli kuna protini nyingi mno kuliko juu ya utando, na kingamwili yoyote ikizidi itapata pa kushika. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa mara nyingi kilipimwa kwa upakaji wa nje. Kwa kazi ya ndani lazima upime upya. Andaa mirija sita yenye idadi sawa ya seli na ujazo uleule wa mikrolita 100, ukishuka kwa nusu kila mara: mikrogramu 2, 1, 0.5, 0.25, 0.125 na 0.06. Kwa kila mrija chukua mng'ao wa kati wa seli zenye kipokezi, toa mng'ao wa kati wa seli zisizo nacho, gawanya kwa mara mbili ya mchepuko sanifu wa zisizo nacho. Kipimo chenye jibu kubwa zaidi ndicho chako. Mara nyingi huwa ni kidogo kuliko cha kwenye chupa, na hapo unaokoa fedha pia.

Baada ya hapo angalia seli zilizokufa. PI na 7-AAD, rangi za kawaida za kutambua seli zilizokufa, hazifai hapa, kwa sababu seli zote zikishatobolewa zitazipokea. Tumia ile rangi ya amini niliyoitaja juu, iwekwe kabla ya kukaza. Monosaiti nazo hushika kingamwili kwa mkono wa Fc: kwa seli za binadamu ziba kwa IgG ya binadamu au kiziba cha dukani, kwa panya tumia kingamwili ya kloni 2.4G2 (kloni ni toleo moja mahususi la kingamwili). Rudia kuziba baada ya kutoboa, maana kiziba cha nje hakikuingia ndani.

Iwapo kingamwili yako ina biotini na unaitambua kwa streptavidini, umepata mshukiwa mkubwa. Mitokondria zina biotini yake yenyewe. Kwenye upakaji wa nje hilo halionekani. Ukitoboa, streptavidini inaingia na kuishika. Nunua kingamwili iliyokwisha kuunganishwa na rangi.

Formaldehaidi nayo huongeza mng'ao wa asili wa seli, hasa kwenye samawati na kijani. Kipokezi hafifu usikipe FITC, rangi ya kijani. Kipe APC au Alexa Fluor 647, rangi nyekundu. Na usilinganishe kamwe seli zilizotobolewa na kidhibiti ambacho hakikutobolewa.

Kuhusu aisotaipu: ina thamani ndogo kuliko heshima inayopewa. Haina mshikamano uleule, idadi ya molekuli za rangi kwa kila kingamwili huenda ikatofautiana, na huenda mkusanyiko wake haulingani na wa kingamwili yako. Afadhali uwe na mrija wenye rangi zote isipokuwa ile ya kipokezi. Huo ndio unaokuonyesha mpaka wa hasi. Ongeza mrija ambao seli zilizotobolewa zimelowekwa kwanza katika kingamwili ileile isiyo na rangi, mara 10 hadi 20 ya kipimo, kisha ukaweka yenye rangi. Mng'ao unaoanguka ulitoka kwenye mshiko wa kloni hiyo, unaobaki ni uchafu. Ila mrija huo hauwezi kukuambia kama kloni yenyewe inashika protini nyingine kwa uaminifu uleule. Kwa hilo hakuna kinachozidi seli ambazo jeni ya kipokezi imeondolewa, au laini ya seli inayojulikana kutokuwa nacho. Ninasisitiza hili kwa sababu kingamwili nyingi za vipokezi vinavyovuka utando mara saba zimeonekana kung'aa sawasawa hata kwenye panya wasio na kipokezi hicho. Matokeo yasiyo na kidhibiti hiki yanaweza kukupotezea mwaka mzima.

SWALI: Maabara yetu haina formaldehaidi ya ampuli, tuna formalini ya chumba cha histolojia. Pia mwenzangu anatoboa kwa methanoli, nami nikimfuata napoteza mng'ao wote wa rangi ya PE. Kampala.

JIBU: Formalini ya histolojia ya asilimia 10 iliyosawazishwa kwa bafa ina formaldehaidi karibu asilimia 4, kwa hiyo ichanganye nusu kwa nusu na seli zako kama nilivyoeleza juu. Inafaa kwa majaribio ya kwanza. Ile ya chupa ya asilimia 37 kwa kawaida huwekewa methanoli asilimia 10 hadi 15 ili isigande, na methanoli hiyo huanza kutoboa na kubadili umbo la protini wakati wewe unadhani unakaza tu. Kama una unga wa paraformaldehaidi, pima gramu 4, weka kwenye mililita 80 za PBS, pasha hadi nyuzi 60 ndani ya kabati la kuvuta hewa, dondosha NaOH ya 1 N tone kwa tone mpaka maji yawe maangavu, poza, rekebisha pH iwe 7.4, jaza hadi mililita 100, chuja. Gawa kwenye mirija midogo, ganda nyuzi −20, na mrija ulioyeyushwa usirudishwe. Iliyokaa wiki nyingi mezani hugeuka asidi ya fomiki na kushusha pH.

Methanoli huvua mafuta ya utando na kukunjua protini. Inafaa pale epitopu (sehemu ambayo kingamwili hushika) imefunikwa, kwa mfano fosfeti kwenye mkia wa kipokezi cha ukuaji kilichoamshwa: kaza kwanza, poza seli, kisha ongeza methanoli baridi taratibu huku ukitikisa hadi asilimia 90, barafuni, dakika 30. Lakini PE na APC zenyewe ni protini, nazo hukunjuliwa na kuzimika, pamoja na rangi zote za tandemu (rangi mbili zilizounganishwa) zilizojengwa juu yake. Alama ya nje unayoihitaji ipake baada ya methanoli, ukichagua kloni inayostahimili, au iwe na rangi ya molekuli ndogo kama Alexa Fluor 488 au 647. Kama kloni yako hutambua umbo la kipokezi na si mfuatano wake tu, methanoli itaiua. Rudi kwenye saponini.

SWALI: Nawezaje kutenganisha kipokezi cha CXCR4 cha nje na cha ndani kwenye seli zilezile? Nimeweka CXCL12, molekuli inayokiamsha, na CXCR4 ya nje imeshuka, lakini ya jumla haikupanda. Mtafiti, Kisumu.

JIBU: Jumla haikupaswa kupanda. Kipokezi kimehama tu kutoka nje kwenda ndani. Mirija yako iwe ya aina tatu: nje pekee (seli zisitobolewe); jumla (zitobolewe na zipakwe zote); na ndani pekee, ambapo seli hai kwenye barafu hulowekwa katika kloni ileile isiyo na rangi kwa wingi unaojaza nafasi zote, zikakazwa, zikatobolewa, ndipo kingamwili yenye rangi ikaingia. Kabla hujauamini mrija wa tatu, hakikisha kizibo kimejaza: seli zilizozibwa na ambazo hazikutobolewa zisionyeshe mng'ao wowote zinapopakwa.

Shaka kubwa zaidi iko kwenye kloni. Watu wengi hutumia 12G5, na hiyo hushindana na CXCL12 kwa sehemu ileile ya kipokezi. Kwa hiyo kushuka ulikokuona huenda hakukuwa kumezwa. Huenda CXCL12 imekalia kiti tu. Pima kwa njia rahisi: weka CXCL12, nanogramu 100 kwa mililita, kwenye mrija mmoja ulio nyuzi 37 kwa dakika 30 na mwingine ulio barafuni muda uleule. Barafuni seli hazimezi. Mng'ao ukishuka hata barafuni, hiyo ni kufunikwa. Suluhisho ni kloni isiyoshindana na CXCL12.

Kuanzia sekunde unayotoa seli kwenye nyuzi 37, kila kitu kiwe cha baridi ya barafu, bafa na sentrifuji pia, na azaidi ya asilimia 0.1 iwemo. CXCR4 na CCR5, ambazo tangu 1996 zinajulikana kuwa mlango wa pili wa VVU baada ya CD4, haziketi zikusubiri umalize kutafuta pipeti.

Na usiongeze brefeldini au monensini kwa mazoea. Hizo ni za kuzuia saitokini (protini za ishara ambazo seli hutoa) zisitoke. Kwenye kazi ya vipokezi zinavuruga safari ileile unayoipima.

SWALI: Naanza na seli milioni 1, nafika kwenye mashine na elfu chache. Mwanza.

JIBU: Seli zilizokazwa hushuka kwa shida zaidi, na saponini hufanya mashapo yawe laini. Kabla ya kukaza zungusha kwa g 300 hadi 400. Baada ya kukaza panda hadi g 600 au 800, dakika 5 hadi 8. Nyonya maji ya juu kwa pipeti badala ya kumwaga, ukiacha mikrolita 50 chini. Albumini iwemo kwenye kila bafa baada ya ile rangi ya amini, la sivyo seli hung'ang'ania plastiki. Anza na milioni 2.

SWALI: Kipokezi cha glukokotikoidi kinang'aa hafifu kwa saponini. Bujumbura.

JIBU: Saponini hufungua utando wa nje vizuri, ila haitegemeki kwa utando wa kiini, na kipokezi hiki huingia kwenye kiini kikipata homoni. Kaza, kisha tumia Triton X-100 asilimia 0.1 kwa dakika 10 hadi 15, au seti ya dukani ya kupakia vipengele vya unukuzi (protini za kiini zinazowasha jeni). Tofauti na saponini, Triton huacha vitundu vya kudumu, lakini hula pia vipokezi vya utando, kwa hiyo alama za nje zipakwe mapema na zikazwe. Chagua rangi ndogo. PE ina kilodaltoni 240 na huchelewa kufika ndani ya kiini. Kumbuka pia kwamba mashine itakupa jumla ya kipokezi tu. Haitakuambia kama kimo kwenye saitoplazimu au kwenye kiini. Kwa hilo nenda kwenye hadubini.

SWALI: Seli zangu hukua zikiwa zimeshika chupa. Nazitoa kwa trypsini, na kipokezi cha nje hakionekani, cha ndani kinaonekana. Unguja.

JIBU: Trypsini imekata sehemu ya nje ya kipokezi; kilichokuwa ndani kimenusurika kwa sababu haikukifikia. Tumia EDTA ya milimola 5 ndani ya PBS isiyo na kalsiamu wala magnesiamu, nyuzi 37, dakika 5 hadi 10, au Accutase, mchanganyiko wa vimeng'enya vya upole. Ikibidi trypsini, zirudishe seli kwenye chakula chao saa kadhaa zijenge vipokezi vipya, ukijua kwamba unapima kipya na si kile cha awali.

SWALI: Umeme ulikatika usiku kucha. Kingamwili zilizokuwa kwenye friji bado zinafaa? Iringa.

JIBU: Kingamwili yenyewe huvumilia usiku mmoja nje ya nyuzi 2 hadi 8 mara nyingi. Wasiwasi wangu ni tandemu, kama PE-Cy7 na APC-Cy7, ambazo huachana kwa joto na mwanga, na huachana zaidi baada ya kukazwa. Usizihamishie kwenye friza kwa hofu ya umeme. PE na APC zikiganda zimekwisha. Paka shanga za usawazishaji (za kusahihisha rangi moja inapovuja kwenye mkondo wa nyingine) kwa kila tandemu, moja kwa kila mrija, zipitishe kwenye formaldehaidi na saponini kama seli zako, kisha angalia mkondo wa rangi mama (PE au APC). Ukiona PE-Cy7 inavuja kwenye PE kuliko rekodi yako ya mwezi uliopita, chupa hiyo iweke kando. Kama haijavuja, endelea nayo, na usawazishaji wa siku hiyo uufanye kwa shanga hizohizo na si kwa faili la zamani.